Siku kompyuta ya kiwanda cha samaki Nyakato ilipopangwa kwa kufuata vyeo

Wakuu, poleni na mihangaiko. Shikamooni wale mlionizidi umri, ingawa humu ndani siku hizi mmebaki wachache.

Juzi kijana mmoja alileta uzi akilalamika kwamba kazini kwao benki zile job za kompyuta zinazojiendesha zenyewe zimekaa zinasubiriana mpaka kunakucha, hakuna iliyoanza. Akauliza kama kuna mtu aliwahi kukutana na jambo hilo. Watu wakamjibu kwa Kiingereza kirefu sana. Mimi nikacheka peke yangu jikoni, nikasema leo na mimi niandike.

Ninayoandika niliyaona kwa macho yangu. Majina nimebadilisha na kiwanda sikitaji, maana wahusika wengine wapo hai na wajukuu zao wanasoma humu. Atakayesema ni chai, yaani natunga, anywe tu, ila sukari aweke mwenyewe.

Siku yenyewe tulikuwa watu sita ndani ya chumba cha kompyuta, Nyakato, Mwanza.

Alikuwepo tajiri, yaani mwenye kiwanda. Meneja Rwegasira. Mzee Mazigo, mhasibu, mtu wa Ukerewe. Shija wa stoo. Dada Consolata, mtaalamu wa kompyuta aliyeletwa kutoka Dar. Na mimi, Nyangeta, karani wa mizani.

Nje kulikuwa na dereva wa lori, lakini yeye hakuingia, alikuwa anapiga honi. Kwa hiyo tuseme watu sita na honi moja.

Kabla sijafika kwenye siku hiyo, niwaeleze nilikuwa nani na nilikuwa nasubiri nini.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mashirika ya umma yanakufa, viwanda vya watu binafsi vinaota kando ya ziwa. Sangara, ambaye zamani watu walimsema kwa mafuta yake mengi, sasa alikuwa anapanda ndege kwenda Ulaya. Sisi wenyeji wake tulibaki na mapanki, yale mabaki ya kichwa na mifupa baada ya minofu kutolewa. Tuliyakaanga na tukala, na ninakiri yalikuwa matamu.

Mimi ni wa kwanza kwa mama. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, na mama akamfuata kabla hatujazoea. Nikaacha shule. Nilibaki na wadogo zangu watatu: Masatu, Tabitha na Bwire. Tulipanga chumba kimoja Igoma, mimi nikaanza kibarua kiwandani.

Nilianza kwa kuosha sakafu. Baadaye wakagundua kwamba namba nikizisikia mara moja nazishika, wakanihamishia kwenye mizani, kuandika kilo za samaki wanaoletwa na mawakala. Lakini nilikuwa bado kibarua.

Baba mdogo alikuja kutoka Majita na msimamo wake.

"Nyangeta, wewe ni mtoto wa kike. Kesho utaolewa. Hawa utawabeba kwenye sanduku?"

"Nitawabeba, baba."

"Kibarua hana nyumba. Ukiajiriwa kweli, ukapewa nyumba ya kampuni, hata mimi nitakuja kukaa kwako. Usipoajiriwa, Jumapili ya mavuno nawagawa."

Alisema "nawagawa" kwa sauti ileile watu wanayotumia kugawa vyombo baada ya msiba. Masatu angeenda Bunda, Tabitha Majita, na Bwire kwa shangazi wa Geita ambaye hatukuwahi kumwona.

Bwire alikuwa mdogo, lakini alielewa. Akaanza kuficha viatu vyake kila Jumapili. Kwa hesabu zake, mtu asiye na viatu hawezi kusafirishwa.

Sasa sikilizeni tajiri naye alivyosema. Alisema kompyuta ikianza kufanya kazi, karani wa mizani ataajiriwa moja kwa moja na kupewa chumba na sebule katika nyumba za kampuni zilizokuwa nyuma ya kiwanda, maana mashine inataka mtu asiyebadilika kila wiki. Kompyuta ikishindwa, mizani inafungwa. Mawakala wataendelea kuandika kilo zao wenyewe kama zamani, na karani arudi kwenye sakafu au arudi kwao.

Kwa hiyo wadogo zangu watatu walikuwa wanategemea mashine ambayo mimi mwenyewe nilikuwa naogopa kuigusa kwa kidole kilicholowa.

Turudi kwenye mashine.

Dada Consolata alikuwa msichana mwembamba, mpole, mwenye miwani. Alituita sote na kutueleza kwa lugha nyepesi. Ndani ya kompyuta kuna kazi nne, aliziita job. Ya kwanza ni Mizani, inajumlisha kilo zilizoingia. Ya pili ni Stoo, inahesabu maboksi yaliyoko kwenye chumba cha baridi na kuchapa hati za mzigo. Halafu kuna ripoti ya Meneja na ripoti ya Uhasibu.

Kila job inaanza yenyewe mara ile inayopaswa kuitangulia ikimaliza. Hakuna mtu wa kuisukuma. Huko kusubiriana ndiko alikokuita dependency.

"Ni kama samaki tu," alisema. "Huwezi kugandisha minofu ambayo hujaitoa, na huwezi kutoa minofu ya samaki ambaye hujampokea."

Sote tukatikisa vichwa. Tulielewa kabisa. Shida haikuwa kuelewa.

Meneja Rwegasira akauliza, "Kwa hiyo ya kwanza ni ipi?"

"Mizani."

"Na yangu?"

"Yako ni huku chini, baada ya stoo."

Meneja akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mimi nimsubiri Nyangeta?"

"Sio Nyangeta, meneja. Namba za Nyangeta."

"Binti, hata harusini, meza kuu ndiyo inatangulia kuchukua chakula."

"Ndiyo, meneja. Lakini harusini chakula kinakuwa kimeshapikwa."

Shija wa stoo alicheka mpaka akalazimika kujifanya anakohoa. Meneja hakucheka. Naye Mzee Mazigo hakucheka, tena akaongeza la kwake. Alisema kama meneja ni wa kwanza, yeye ni wa pili, na kwamba hajafanya uhasibu tangu Shija hajazaliwa ili leo aje asimame nyuma ya stoo.

Mzee Mazigo muelewe vizuri. Alikuwa mtu wa koti. Jua likiwaka namna gani, koti liko mwilini. Chai ya ofisi ilikuwa haimiminwi kwa mtu yeyote kabla yake, labda meneja awepo. Siku moja kikombe chake kilipitishwa kwa Shija kwanza, akakirudisha, akanywa maji.

Basi Dada Consolata akapanga kama wakubwa walivyotaka. Uhasibu usianze mpaka Meneja amalize. Stoo isianze mpaka Uhasibu umalize. Mizani isianze mpaka Stoo imalize.

Vyeo vikakaa sawa, kila mtu na heshima yake.

Tatizo ni moja. Ripoti ya meneja haiwezi kutoka hewani, inataka kilo. Kwa hiyo yenyewe ikabaki inaisubiri Mizani.

Rudieni polepole: Mizani inamsubiri Stoo, Stoo anamsubiri mhasibu, mhasibu anamsubiri meneja, meneja anaisubiri Mizani.

Dada Consolata alijaribu kwa mara ya mwisho. "Meneja, hii itazunguka."

"Izunguke, si mashine?"

Ikabaki hivyo. Yeye alikuwa wa mkataba, bila sahihi ya meneja asingelipwa wala kurudi Dar.

Siku ya uzinduzi ikafika. Tajiri alitua kutoka Nairobi asubuhi. Mbuzi akachinjwa, kreti za soda zikaletwa. Mashine za zamani za kuchapia zilikuwa zimeuzwa tayari kwa amri yake, ili tusiwe na pa kukimbilia. Hati za mzigo sasa zilikuwa zitoke kwenye kompyuta au zisitoke kabisa. Lori limeshapakia minofu kwenye barafu, linasubiri hati hizo liende uwanja wa ndege.

Asubuhi hiyo Mzee Mazigo aliniona macho mekundu. Akaniuliza kama naumwa. Nikamweleza habari ya baba mdogo, kwamba Jumapili inayofuata ndiyo ya mavuno. Aliguna tu, akaenda zake na koti lake. Nikajilaumu kwa nini nimemwambia.

Mchana, baada ya hotuba ya meneja, ambayo yenyewe ingetosha kuyeyusha barafu, meneja akabonyeza.

Kioo kikawaka. Yakaja majina manne yamepangwa, na mbele ya kila jina neno moja: WAITING.

Tukapiga makofi.

Msitucheke. Hakuna aliyeshtuka mwanzoni, kwa sababu kusubiri ofisini lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Tuliona mashine imeingia kazini vizuri. Tukanywa soda. Tukasimama. Tukakaa. Honi ikapiga nje.

"Maana yake nini hilo neno?" tajiri akauliza. Alikuwa analijua, nadhani alitaka kusikia na sisi tunasemaje.

"Inasubiri, tajiri," Shija akajibu.

"Inasubiri nini?"

"Hiyo haijasema. Lakini ukiniuliza mimi, hii kompyuta imeshaajiriwa serikalini."

Honi ikapiga tena, mara hii ndefu. Tajiri akasimama. Akanigeukia mimi, maana nilikuwa mdogo kuliko wote na mdogo ndiye huulizwa kwanza.

"Wewe ndiye mizani?"

"Ndiyo, tajiri."

"Mbona hujaanza?"

"Namsubiri Shija."

"Shija?"

"Namsubiri Mzee Mazigo."

"Mzee?"

"Mimi namsubiri meneja," Mzee akasema, na akafunga kifungo cha koti.

"Meneja?"

Meneja Rwegasira akatazama dari. "Namsubiri... Nyangeta."

Hapo ndipo Shija alipotoka nje ya chumba ili akacheke. Tulimsikia hadi huku ndani, anacheka na dereva wa lori.

Tajiri hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ya tajiri ni mbaya kuliko makelele. "Ndege haimsubiri mtu. Hati zisipotoka sasa hivi, kesho hii mashine inarudi Nairobi. Mizani nafunga. Mawakala waandike wenyewe."

Nilikuwa nawaza viatu vya Bwire, kwamba safari hii vitaonekana.

Dada Consolata akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Tajiri, inatengenezeka. Ni dakika chache tu. Mizani itangulie, stoo ifuate. Zikimaliza hizo, meneja na mhasibu kila mmoja anaweza kupata ripoti yake. Hao wawili hawategemeani."

"Basi wapate pamoja."

"Printa ni moja. Mmoja atatangulia, mmoja atakuwa wa mwisho."

Shija akaitwa, akasema yeye awekwe popote, hata juu ya paa. Tajiri akamtazama meneja.

"Mimi binafsi sina neno," meneja akasema. "Lakini mkubwa wa kiwanda kuwa wa mwisho kabisa kwenye orodha... huko nje wataelewaje?"

Kila mtu alijua Mzee Mazigo atasemaje. Tulikuwa tunangoja tu aseme, ili tajiri achukie zaidi na mambo yaishe.

Mzee akanitazama mimi. Halafu akamtazama Dada Consolata.

"Niandike mimi wa mwisho."

Shija akasahau adabu. "Mzee, unaumwa?"

"Weka wa kwanza huyu binti, uje wewe mpiga kelele, aje meneja, halafu mimi. Andika, samaki wanaoza."

Dada Consolata akaandika. Akabonyeza. Neno WAITING mbele ya Mizani likafutika, likaja RUNNING, yaani inakwenda. Nikaona kilo zangu za asubuhi zinapita kwenye kioo, wakala mmoja mmoja. Stoo ikafuata. Printa ikaanza kulia kama kuku anayekimbizwa, na hati zikatoka. Shija alizichukua zikiwa bado na joto, akakimbia nazo. Lori likaondoka, honi ikanyamaza.

Tajiri akamwambia meneja, "Huyu wa mizani mwajiri leo."

Wakuu, hivyo ndivyo nilivyopata ajira. Sikufanya chochote siku hiyo zaidi ya kumsubiri Shija.

Tukahamia nyumba ya kampuni kabla ya Jumapili. Baba mdogo alikuja kama alivyoahidi. Alikagua, akafungua bomba, akanywa maji, akafunga, akafungua tena kuhakikisha. Kisha akasema, "Basi," na akakaa nasi mpaka sukari ilipoisha. Masatu, Tabitha na Bwire hawakugawanywa.

Naona kuna mdau ameshaandika hapo chini kwamba nimemaliza vizuri na kwamba Mzee Mazigo ni shujaa. Subiri kidogo mkuu, sijamaliza.

Ningeishia hapo kama tajiri asingeipenda ile orodha.

Aliipenda kupita kiasi. Alirudi Nairobi na karatasi iliyochapwa mpangilio wa job zetu: moja Mizani, mbili Stoo, tatu Meneja, nne Uhasibu. Kila alipopiga simu alikuwa ameishika. Meneja ndiye aliyekuwa amehangaika kumfundisha kila mtu kwamba wa kwanza kwenye orodha ndiye mkubwa. Sasa alikuwa amepata mwanafunzi mmoja aliyeelewa somo vizuri sana.

Soko la Ulaya likayumba. Samaki wetu wakakataliwa kwa muda, viwanda vikaanza kupunguza watu. Nilikuwa ofisini kwa meneja nimepeleka kilo za siku, simu ikaita, naye alikuwa na tabia ya kuongea kwa kipaza sauti ili tujue anaongea na nani.

"Lazima nipunguze idara moja," tajiri akasema. "Ninayo orodha hapa. Namba moja ni nani?"

"Mizani, tajiri."

"Huyo ndiye anaanzisha kila kitu. Asiguswe. Namba mbili?"

"Stoo."

"Samaki watalala wapi bila stoo? Abaki. Namba tatu ni wewe. Namba nne?"

"Uhasibu, lakini..."

"Hesabu nitafanyia huku Nairobi. Lakini nini?"

Nilikuwa namwonyesha meneja kwa mikono: sema! Mwambie zile namba si vyeo! Meneja akaziba simu kwa kiganja.

"Nyangeta, nikimwambia namba hazina maana, atauliza basi nani apunguzwe. Jibu unalo?"

Nikashusha mikono. Akatoa kiganja.

"Hakuna lakini, tajiri."

Nilikwenda mbio kwa Mzee Mazigo. Nilimkuta ameshaambiwa, au ameshajua, sijui. Alikuwa anafunga kikombe chake kwenye gazeti.

"Mzee, napiga simu Nairobi mwenyewe. Nitamwambia ulijiweka mwisho kwa hiari yako, ili hati zitoke."

"Halafu?"

"Aelewe."

"Akielewa atamtoa nani? Kaa chini." Nikakaa. "Nyumba ya kampuni ulipewa kwa sababu ya nini?"

"Ya mizani."

"Basi kaa kwenye mizani. Ukipiga hiyo simu, mimi siitikii tena shikamoo yako, wala usiniamkie."

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie, akaendelea kufunga kikombe.

"Mimi nilikuwa kwenye shirika la pamba," akasema baadaye. "Siku lilipouzwa, walikuja na orodha. Walianza kusoma kutoka chini. Mimi nilikuwa juu, nilibaki mpaka mwisho, nikafunga mlango na kuwapa ufunguo. Kwa hiyo nilijua, Nyangeta. Siku ile tunapiga makofi mbele ya kioo, mimi nilijua wanavyozisoma orodha."

"Sasa kwa nini ulijiweka chini?"

"Meneja asingekubali. Mimi Ukerewe nina shamba la machungwa. Wewe ulikuwa na Jumapili."

Nikamwambia, "Mzee, nitakulipa."

Nilidhani atasema hapana mwanangu, Mungu atalipa, kama wazee wengine. Mzee Mazigo hakuwa mzee wa namna hiyo.

"Utanilipa, ndiyo," akasema. "Nani kakwambia bure?"

Akavaa koti, akaondoka.

Kiwanda kilibadilisha wenyewe mara kadhaa, na mimi nilikaa kwenye mizani miaka mingi. Masatu akasoma ualimu. Tabitha akawa nesi. Bwire, niliyemlea akificha viatu, akaenda kusomea kompyuta, na ndiye aliyenifundisha kuingia humu. Nilipomsimulia kisa hiki akiwa mkubwa aliniambia program za siku hizi ukizipanga hivyo zinakataa hapohapo, zinakuonyesha mzunguko ulipo. Nikamwambia tatizo letu lilikuwa watu, kioo kilionyesha tu.

Kijana wa benki, jibu lako ni hili. Kabla hujatafuta kosa kwenye program, chukua karatasi, chora nani anamsubiri nani, halafu mbele ya kila mshale jiulize: anasubiri kwa sababu ya kazi, au kwa sababu ya heshima? Ule wa heshima ufute. Ila ukishaufuta, ile orodha usimpe bosi aondoke nayo.

Hilo ndilo somo la kompyuta. Somo lingine sijalimaliza kujifunza.

Nimeshapanda meli kwenda Nansio, Ukerewe, mara nyingi kumtafuta Mzee Mazigo nimlipe. Mara ya kwanza nilibeba sukari, mchele na vitenge vya mkewe. Alipokea vyote, akashukuru vizuri, akanichinjia kuku. Wakati naaga nikasema, "Basi Mzee, angalau."

"Angalau nini? Hiyo ni zawadi ya mgeni. Deni lipo palepale."

Mara nyingine tulichanga, mimi na wadogo zangu, tukampelekea fundi amjengee nyumba ya tofali za kuchoma. Alimfukuza fundi. Alisema paa lake halijamlalamikia mtu.

Tulitaka kumpeleka hospitali ya Bugando akatibiwe macho. Akaenda, akatibiwa, akarudi. Nikauliza tena. "Hayo ni macho," akasema. "Nilikudai macho?"

Mwezi uliopita nimekwenda. Sasa hivi haoni vizuri tena, na koti limekuwa kubwa kuliko yeye. Nilimwamkia, akaitikia, akanishika mkono akauacha ndani ya wake.

"Masatu?"

"Anafundisha Sengerema, Mzee."

"Tabitha?"

"Yuko Bukoba. Kajifungua mtoto wa nne."

"Na yule wa viatu?"

"Yuko Dar. Anakusalimia."

"Wanajuana bado?"

"Kila Krismasi wanajaa kwangu, mpaka natamani waondoke."

Akacheka kwa muda mrefu. Nikaona hapo ndipo pa kumkamata.

"Mzee, umri umekwenda. Wangu na wako. Niambie unataka nikulipe nini, nilipe, tumalize."

"Una haraka ya kwenda wapi?"

"Sina haraka. Nataka nisidaiwe tu."

Akaukaza mkono wangu ndani ya wake. Kisha akasema, "Ukishamaliza kulipa, nani atakuwa anapanda meli kuja huku?"

Nilimwambia nitakuja tu. Akasema wote husema hivyo. Ndipo nikarudi Mwanza na deni langu.

Wakuu, uwanja ni wenu. Mwenye kulijua deni la namna hii na namna ya kulilipa, aandike, nitasoma kila neno. Ila msiniambie habari za nyumba wala za hospitali, na asije mtu kuniambia nilisamehe, maana anayedai si mimi.